Siku Moja Zaidi ya Shangazi

Paka wetu tulimwita Shangazi kwa sababu hakuna kilichowahi kumridhisha. Ukimpa samaki, anakutazama kama anayeuliza kwa nini umechelewa. Nilikuwa na miaka saba Mjomba alipomleta karakanani ndani ya kofia yake. Nilipomaliza chuo alikuwa ametimiza kumi na sita, jicho moja lina ukungu, masikio hayasikii hata nyundo.

Karakana ya Mjomba ni ya makochi. Tunayavua vitambaa, tunabadilisha sponji na springi, tunayavika upya. Mimi natuma maombi ya kazi. Kwa sasa namsaidia.

Wiki ile Shangazi aliacha kula. Daktari wa mifugo alimpapasa mgongo uliokuwa mifupa mitupu, akasema figo zimekwisha. Sindano ipo, alisema. Analala, halafu basi.

"Kesho asubuhi tumpeleke," Mjomba alisema.

Asubuhi ilipofika nikamwomba siku moja zaidi. "Jana amelamba maji, Mjomba."

"Amelamba au umemmiminia?"

Nilikuwa nimemmiminia, kwa bomba la sindano, tone kwa tone, huku akigeuza uso.

"Mwanangu, unampenda, sikatai. Ila jiulize unamng'ang'ania kwa faida ya nani."

"Hatakufa peke yake," nilisema. "Nimemwahidi. Nitamshika mwenyewe."

Alishusha pumzi. "Haya, siku moja. Lakini kochi la mwalimu liondoke sasa hivi. Ameshanisema mpaka maneno yamemwishia, anaazima ya jirani."

Kochi la mwalimu mstaafu lilikuwa limelala kifudifudi, tumbo wazi. Ilibaki kulifunika chini kwa kitambaa cheusi, kazi ya dakika kumi. Kwa desturi unamulika ndani kwanza, maana mafundi husahau mikasi humo. Siku ile sikumulika. Nilikuwa napanga kichwani supu ya samaki isiyo na chumvi, na mahali pa kumlaza Shangazi apate jua. Nilikivuta kitambaa, nikapiga pini pande zote nne. Mjomba akaligeuza kochi, na saa tano wapagazi wakalipakia garini.

Saa sita nilimkosa Shangazi. Nilitafuta chini ya meza ya kukatia, nyuma ya marobota, kwenye rundo la sponji. Mjomba naye alipiga magoti kunisaidia. "Paka akihisi siku zake zimefika, hujificha," alisema.

Saa kumi simu yake ikalia. Akaweka spika.

"Fundi, umeniletea kochi au mgonjwa?" Alikuwa mwalimu. "Kila nikikaa, linakohoa."

Mjomba alinitazama. Hakuniuliza nani alifunga chini.

Nyumba ya mwalimu iko mtaa wa tatu kutoka kwetu. Tulikimbia, yeye na magoti yake mabovu, mimi na koleo. Mwalimu alifungua mlango akiwa na maneno mdomoni, akaona nyuso zetu, akayameza. Tulililaza kochi ubavu nikaanza kuchomoa pini harakaharaka.

"Taratibu," Mjomba alisema. "Usije ukamchoma."

Shangazi alikuwa kwenye kona, vumbi la sponji limemjaa manyoya, amejikojolea. Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Upande wa ndani wa kitambaa nilichokikaza kwa mikono yangu kulikuwa na mikwaruzo mingi, mifupi mifupi. Nilipomtoa hakunitazama kwa lawama yake ya kila siku. Afadhali angenilaumu.

"Unataka tumrudishe nyumbani?" Mjomba aliuliza. "Siku uliyoomba haijaisha." Hakuwa ananikejeli.

"Mpigie daktari," nilisema. "Aje hapa hapa, sasa hivi."

Mwalimu alileta taulo safi, akaketi sakafuni pamoja nasi. Daktari alipofika aliuliza nani atamshika. Nikamweka kifuani. Nilimwomba msamaha ingawa hasikii. Baada ya sindano alivuta pumzi mbili. Ya tatu niliisubiri mpaka daktari akanigusa bega.

Njiani kurudi, Mjomba ndiye aliyembeba ndani ya taulo. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Tulipita duka la vipuri, tukapita fundi viatu aliyetusalimia bila kujibiwa, ndipo Mjomba akasimama.

"Nilipoligeuza lile kochi," alisema, "nilisikia kitu kikiteleza ndani."

Alilikaza taulo kifuani mwake.

"Nikajiambia ni kipande cha sponji. Nikasema mwalimu asije akapiga kelele tena."

Alikuwa analia kama mtu asiyejua kulia, mdomo wazi, bila sauti. Nililipokea taulo, nikamshika mkono, tukavuka barabara.