Kiko cha Maji cha Yolande

Daktari alisema namba moja tu, na namba ile ilimkaa Kazadi kichwani kama mwiba kwenye kisigino: quarante-deux, arobaini na mbili. Jumatatu mkewe Yolande akipanda mizani, ikionyesha kilo quarante-deux au zaidi, dawa za mshipa zitaendelea. Ikionyesha chini ya hapo, zitasimamishwa, kwa sababu mwili hautazibeba. Maneno hayo aliyasema akiangalia mashine yake, wala si uso wa mgonjwa, kisha akatazama saa. Ilikuwa Jumanne. Siku hiyo Yolande alikuwa na quarante-deux na gramu mia mbili, na kwa siku nane hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake.

"Jaribuni kumlisha," daktari aliongeza.

Kazadi aliishia darasa la tano kule nyumbani, Likasi. Alijiuliza mtu anasoma miaka mingapi ili aje kuwaambia watu hivyo. Wenye vyeo wote ndivyo walivyo, alisema moyoni. Wa komini, ofisi ya mtaa, wanakwambia jaribu kutafuta nyumba yenye lifti. Wa bima wanakwambia jaribu kupiga simu kesho. Anayejaribu ni wewe, mshahara ni wao.

Kesho yake, kazini, alipokuwa akikunja waya wa mashine ya kufagia katika ofisi za Etterbeek, huku ugenini, mwenzake Hilaire alimvuta pembeni.

"Tonton Kazadi, bibi anakula?"

"Hakuli."

"Basi sikia. Ndugu yangu wa Liège alikuwa sawa vile vile. Ile kitu njo ilimurudishia njaa." Hilaire akashusha sauti. "Diamba. Bangi."

"Wewe unanichekesha. Yolande ni maman wa kwaya."

"Kwaya haitapanda mizani lundi, ile Jumatatu yenu, tonton. Lakini usimufungie sigara. Koo yake imechomwa na madawa, atakohoa mpaka atapasuka. Tafuta kiko ya maji. Moshi inapita mu maji kwanza, inapoa."

Neno hilo lilimrudisha Kazadi mbali. Aliwahi kumwona baba ya baba yake, kule Kasai, akiwa na kibuyu chenye shingo ndefu, maji yakikoroma tumboni mwa kibuyu, wazee wakipokezana bila kuongea. Mapadre walikuja wakasema ni cha shetani, kikatupwa motoni. Nao walikuwa wenye vyeo.

Hilaire alimpa majani kidogo ndani ya karatasi ya alumini na kumwelekeza duka moja karibu na vyumba vya wanafunzi. Kazadi alilipita mara tatu kabla ya kuingia. Ndani kulikuwa na ukuta mzima wa viko, vingine virefu kama mtoto wa miaka mitatu. Binti wa duka alikuwa na pete puani na jina Anaïs kifuani.

"Unatafuta kitu, bwana?" alimwuliza kwa Kifaransa.

Kazadi akanyoosha kidole kwenye kile kikubwa kuliko vyote. Alidhani kikubwa ndicho chenye nguvu, kama sufuria ya matanga.

Anaïs akacheka. "Hicho ni cha vijana wanaoshindana. Ni kwa ajili yako?"

"Ya bibi yangu."

"Ana bahati. Wangu hata maua haniletei."

"Ana kansa ya tumbo," Kazadi akasema. "Ana kilo quarante-deux."

Binti akaacha kucheka. Akazunguka meza, akasimama kando yake kama mtu anayesaidia kuchagua viatu vya mazishi. Alimweleza polepole. Kile kirefu kinataka mapafu makubwa; moshi unajaa mrija mzima, na mtu dhaifu hawezi kuumaliza kwa pumzi moja, unabaki unachacha. Cha plastiki hakivunjiki, lakini kikipata moto kinaacha ladha, na mtu anayetapika harufu ndogo tu inamtosha. Cha udongo ni kizuri ila huoni maji yakichafuka. Mwishoni alishusha cha kioo, kifupi, chenye tumbo la mviringo na kitako kipana.

"Hiki hakianguki kitandani. Jaza maji mpaka yafunike ncha ya mrija wa ndani, vidole viwili, basi. Ukizidisha yatampanda mdomoni. Weka majani kiasi cha ukucha. Na maji yawe ya baridi, ya friji. Yabadilishe kila mara."

"Kila mara?"

"Kila mara. Maji ya jana yananuka kuliko moshi."

Yolande alipokiona juu ya kitanda alikigusa kwa kidole kimoja. Chumba chao kule Berchem-Sainte-Agathe kilitazama maegesho na mti mmoja.

"Kazadi. Miye na hii kitu?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nani? Daktari aliiandika?"

"Daktari hakuandika kitu. Alisema tujaribu. Donc, tunajaribu."

Akamtazama mumewe, akamtazama tena yule mdudu wa kioo. "Yaya Pétronille asijue," akasema juu ya dada yake mkubwa. "Unasikia? Hata nikikufa asijue."

Kazadi akaapa. Akaenda friji, akachukua chupa ya maji iliyokuwa mbele, akajaza vidole viwili. Mara ya kwanza Yolande alivuta haraka, akakohoa mpaka machozi, wakataka kuacha. Mara ya pili Kazadi alimshikia kile kiko, akamwambia avute kama anavyonusa mboga kabla ya kuonja. Maji yakakoroma. Moshi ukapanda taratibu, ukaingia, ukatoka.

Baada ya robo saa hivi aliuliza, "Ile samaki ya Thomson ya dimanche, ya Jumapili, iko?"

Kazadi alikaanga samaki. Alisonga bukari, ugali mgumu, namna ya nyumbani. Yolande alikula matonge manne, akanyonya mfupa wa kichwa, akamcheka mumewe kwa jinsi alivyokodoa macho. "Unaniangalia sawa televisheni." Chakula kikakaa. Asubuhi alivuta tena, akala yai na mkate. Kazadi alimpandisha kwenye mizani ya bafuni: quarante-deux na gramu mia sita. Alikwenda kulia kwenye ngazi, ambako majirani tu ndio wangemwona.

Ijumaa mchana dada mkubwa wa Yolande, Maman Pétronille, alifika bila kupiga simu. Alimkuta mdogo wake ameketi, sahani tupu mapajani. Akasimama mlangoni, mkono kifuani. Kisha akaenda friji, kama afanyavyo kila akija, akatoa ile chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

Ndipo Kazadi alipotambua. Ilikuwa chupa ya maji ambayo mchungaji aliiombea Jumapili iliyopita, na Pétronille mwenyewe aliileta. Nusu iliyopungua Kazadi aliitia kwenye kiko, akaimwaga chooni, akaitia tena.

"Alikunywa," Pétronille akasema. "Mutoto wa mama yangu alikunywa, na amekula."

Kazadi akafungua mdomo. Yolande, nyuma ya bega la dada yake, akatikisa kichwa.

Kufika saa kumi habari ilikuwa kwenye simu zote za kanisa. Kufika jioni mamans wanne wa maombi walikuwa sebuleni na magodoro yao, maana muujiza haukai peke yake, unalindwa. Walileta sombe ya majani ya muhogo, kuku, ndizi, wali wa kulisha kikosi. Pétronille aliweka godoro lake chumbani, kando ya kitanda cha Yolande, na Kazadi akahamia kwenye kochi la jikoni. Dada mkubwa wa mke humtoi nyumbani kwa mdogo wake. Afadhali umtoe mwenye nyumba.

Na bila moshi njaa ikaondoka kama ilivyokuja. Jumamosi asubuhi Yolande alimeza vijiko viwili vya sombe, vikarudi. Walimpa maji ya maombi, yakarudi. Mamans wakaongeza sauti.

Mchana Kazadi alimbeba mkewe mpaka bafuni, akafunga kwa ufunguo, akatoa kiko kwenye ndoo ya nguo chafu. Alikuwa amejaza maji tu na kuweka majani wakati mlango ulipogongwa.

"Mukwe, munafanya nini mule?"

"Ninamuoga."

"Fungua nikusaidie. Mwanaume anajua nini kwa kuoga mugonjwa?"

"Iko uchi, maman."

"Miye nilimuoga uchi tangu 1971. Fungua."

Yolande alisukuma kiko kwa kiganja. "Ficha," akasema kwa midomo. Kazadi akamwaga, akaficha. Pétronille aliingia na taulo, akamwosha mdogo wake kwa upole ambao Kazadi hakuweza kuuchukia, ingawa alijaribu.

Jikoni, wakiwa wawili kwa dakika moja, alimwambia mkewe, "Ninasema leo. Lundi iko hapa."

"Dimanche mchungaji atanitaja mbele ya watu. Yaya amesimamia jina yangu. Unataka batu baseme alitoa ushuhuda ya diamba?"

"Baseme. Batasahau. Wewe kula tu."

"Wataondoka dimanche jioni. Nitavuta dimanche jioni. Kazadi, uliapa."

Jumapili jioni hawakuondoka. Mchungaji mwenyewe alipanda ngazi, akanywa chai, akasema wakeshe mpaka mizani itakaposhuhudia. Kazadi alikaa kwenye kiti chake, mita mbili kutoka kwa mchungaji, maneno yote yakiwa tayari ulimini. Aliyameza. Alijiambia ni kiapo. Alijiambia pia kosa ni lao, wenye biblia na wenye makoti meupe, hawa wamejaza nyumba na wale hawakuandika hata mstari mmoja kwenye karatasi. Kama daktari angeliandika lile neno, ingekuwa dawa, na Pétronille angelikuja nayo mwenyewe na glasi na kijiko. Hilo alilishika sana, maana lilikuwa kweli. Lakini alikuwa na mdomo, na mita zilikuwa mbili.

Jumatatu hospitalini kule Woluwe mizani ilionyesha quarante et un, arobaini na moja, na gramu mia tatu. Muuguzi alimshusha, akampandisha tena, kwa huruma. Quarante et un na mia tatu. Daktari aliandika mistari miwili. Alisema wangeongea kuhusu kumpunguzia maumivu.

Pétronille alilia njia nzima ya kurudi, akiuliza dhambi iko wapi, nani katika nyumba hii ana shaka. Alimwangalia Kazadi alipouliza. Yolande hakulia. Alipofika alikaa sebuleni mbele ya mamans wote.

"Kazadi, leta ile kitu yangu."

"Mbele yao?"

"Bon, nimuogope nani tena?"

Akakileta. Akasimama nacho katikati ya chumba kama mtu aliyekamatwa na mtungi wa jirani. Mmoja wa mamans akaanza kuomba, Yolande akamwomba anyamaze kidogo.

"Yaya," akasema. "Hii njo ilinifanya nile. Maji yako ilikuwa humu ndani."

Kazadi alingoja kelele, alizitaka, alikuwa na majibu ya miaka ishirini. Pétronille akachukua kiko mikononi mwake, akanusa, akauliza kwa sauti ndogo, "Maji inafika wapi?"

"Vidole mbili," Kazadi akasema.

Akaenda jikoni, akajaza kutoka bombani. Akapiga magoti, akamshikia mdogo wake kiko, na njiti ya kiberiti ikaisha vidoleni mwake kabla hajathubutu kuisogeza. Ya pili akaiwasha vizuri. Yolande akavuta. Akala wali, na ngozi ya kuku, na akaomba pilipili.

Alikula siku kumi na saba. Halafu akafa, Alhamisi, mchana, mti wa maegesho ukiwa umeanza kuvaa majani.

Kwenye matanga, katika ukumbi wa kukodi, familia ya mke ilimsimamisha Kazadi aeleze ugonjwa, jinsi mume anavyotakiwa kueleza. Alieleza vizuri. Alieleza daktari na saa yake, komini na lifti, bima na simu. Watu waliguna, walikubali, kila mmoja alikuwa na daktari wake na komini yake. Akafikia habari ya ile Ijumaa. Pétronille, mstari wa mbele, kitambaa cheusi kichwani, alimwangalia bila kumwomba kitu.

"Alipata njaa," Kazadi akasema. "Alikula. Halafu batu balijaa mu nyumba siku tatu, na njaa ikaisha." Viti vikaanza kulia. "Miye nilijua dawa iko wapi. Nilikuwa nayo mu ndoo ya nguo. Nilinyamaza."

Msemaji wa familia akamwuliza ni dawa gani hiyo, ilitoka hospitali gani.

Kazadi akakaa chini. Pétronille ndiye aliyesimama kujibu.