Maji ya Masista

Pale misheni walimwita Sista Mbio, kwa sababu hata akifuata chumvi jikoni alikwenda kama anayefukuzwa na nyuki. Alikuwa mgeni katika nchi ile, na lugha ya wenyeji aliipata kwa kuombaomba neno moja moja. Lakini mikono yake ilijua kazi, na zahanati ya misheni ilikuwa na kazi kwelikweli: vidonda, kuhara, homa, na watoto wanaoletwa wakiwa wameshalegea kwa sababu nyumbani kila kitu kimejaribiwa kwanza.

Masista walikuwa na utaratibu wao. Mtoto akionekana hatapona, alibatizwa upesi palepale kitandani, asije akaondoka hivihivi. Chupa ndogo ya maji ilikaa dirishani, karibu na sufuria ya kuchemshia sindano. Kwa masista hiyo ilikuwa rehema. Wanakijiji nao waliona yao, maana macho hayana pazia: mtoto akimwagiwa maji na sista, kesho yake anazikwa. Hakuna aliyemwagiwa akarudi kucheza. Sasa walaumu nini, kama si maji?

Sista Mbio hakuyajua hayo mpaka asubuhi alipoingia mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, mama mkwe wake, bibi mwenye fimbo, akimfuata nyuma. Mtoto alikuwa akiwaka moto. Sista alimpa dawa, kisha akachovya kitambaa kwenye beseni ili ampoze. Mama akamnyakua mwanawe, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Usimguse na maji, Sista. Huyu bado hajafa."

"Ni ya kumpoza homa tu, mama."

"Hata dada yangu mlimwambia maneno mazuri. Mtoto wake tulimzika."

Bibi akaingilia kwa upole, kama anayemwelewesha mtu mzito wa kuelewa. "Mwanangu, sisi hatukulaumu. Mmetoka mbali, mna mambo yenu. Lakini maji yenu tunayajua. Dawa tunataka, maji hatutaki."

 Sista aliwakumbuka watoto aliowamwagia yeye mwenyewe, na mama zao waliosimama kimya, naye akidhani kimya kile ni shukrani. Aliona aibu, aibu ya kweli. Lakini aibu haishushi homa, na macho ya mtoto yalishaanza kupinduka.

"Basi mpoze wewe mwenyewe," akamwambia mama. "Kachote kisimani kwa mkono wako. Mimi maji siyagusi."

"Na ile chupa?" akauliza bibi, fimbo ikielekea dirishani. Bibi huyu hakuwa mtu wa kuchezewa.

"Sitaishika."

"Hata hali ikiwa mbaya?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtoto akifa bila ubatizo, Mungu atamuuliza nani?

"Hata hali ikiwa mbaya. Nakuahidi."

Nayo hali ikawa mbaya. Mama alikuwa akimpangusa kifua mtoto alipokakamaa, akatetemeka mwili mzima, povu likamtoka, kisha pumzi ikakatika. Chupa ilikuwa hapo hapo, ya kunyoosha mkono tu. Maneno ya ubatizo yalishamfika Sista mdomoni, akayabana kwa meno. Bibi hakumtazama mjukuu wake. Aliitazama mikono ya Sista. Sista akaiingiza mikono hiyo chini ya mtoto, akamgeuza ubavu, akamfuta povu, akangoja. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Mtoto akavuta pumzi, akalia. Mchana homa ikashuka.

Sista Mkubwa, msimamizi wa zahanati, aliposimuliwa hakumkemea. "Leo umepona," alisema, akimenya kiazi. "Ila ahadi kama hiyo, mwenzangu, usiitoe tena."

Kesho yake mama yule alirudi, mtoto mgongoni akitafuna ncha ya nguo. Alikuja na mwanamke mwingine aliyebeba kifurushi cha khanga kifuani.

"Sista, nimekuletea mwenzangu. Alikataa katakata kuja huku. Nimemwambia asiogope, wewe humwagii watoto maji, umeahidi mbele ya mama mkwe."

Sista alifunua nguo kidogo. Hakuhitaji kipimo. Mtoto alikuwa mkavu, midomo imegeuka rangi, pumzi zinakuja moja moja kama zinazodaiwa. Huyu asingefika jioni. Sista aliusikia mlango wa ndani ukifunguliwa, na Sista Mkubwa akiuliza kuna nini.

Mwanamke mgeni hakugeuka. Alimtazama Sista Mbio peke yake, akamnyooshea mtoto.

"Mpokee wewe," akasema. "Wewe nakuamini."

Sista akampokea, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kijiji kile, miguu yake ikakataa kwenda.