Miavuli Sita

Malkia Me Htwe Nyein alikuwa na donda moja moyoni, na kasri zima la Amarapura lilijua mahali pa kulibonyeza. Baba yake alikuwa muuza chai chachu, majani yanayovundikwa mtungini mpaka yanuke, kule Sagaing. Mfalme alimwona siku ya sikukuu ya pagoda, akamchukua, akampa Jumba la Magharibi, watumishi arubaini na jina la heshima refu hivi kwamba mwenyewe alilikariri kwa siku mbili. Lakini hakupita barazani bila mmoja wa wake wenza kunusanusa hewa na kuuliza, "Jamani, nani kafungua mtungi wa chai?" Wengine wakaziba midomo kwa mikono na kutetemeka kwa kicheko. Aliyavumilia hayo miaka kumi na minane.

Kwa hiyo mwanawe, Thaw Zin, alipofika umri wa kunyolewa na kuvishwa joho la utawa, kama kila kijana wa nchi ile anavyovishwa walau kwa majuma machache, mama mtu hakuwaza joho. Aliwaza maandamano. Mwaka uliopita mwana wa Malkia wa Kaskazini alikwenda kwa watawa juu ya farasi mweupe, chini ya miavuli sita ya dhahabu. Mle kasrini, ukitaka kujua nani ni nani, huangalii uso wake. Unahesabu miavuli juu ya kichwa chake.

Msimamizi wa desturi, mzee U Bo Lin mwenye sauti ya asali, akaleta jibu la ombi lake: minne.

"Minne?" Malkia akauliza. "Kwani kichwa cha mwanangu ni kidogo kuliko cha yule?"

"Mama Mtukufu, ndivyo desturi inavyosema. Kwa upande wa uzazi..." Mzee akakohoa.

"Malizia. Kwa upande wa chai."

"Mimi sikulisema hilo, Mama."

"Basi kamwambie aliyelisema. Mwanangu atatoka humu kwa miavuli sita, au hatoki."

Na kweli hakutoka. Mwezi ukapita, mwezi wa pili ukaingia, mvua zikaanza, na Mfalme akaugua, akalala kitandani asiinuke. Hapo kila mwenye mtoto wa kiume mle ndani akaanza kuishi roho mkononi. Walijua kinachofuata. Mwana wa Malkia Mkuu, mke wa kwanza wa Mfalme, akikalia kiti, ndugu zake wa baba watatiwa kwenye magunia ya mahameli nyekundu na kupigwa humo humo, maana damu ya kifalme haifai kugusa ardhi. Aliye ndani ya joho la utawa tu ndiye huachwa. Joho haliguswi, hata na mfalme.

Mi Pwa, yaya aliyemlea Malkia tangu Sagaing, mwanamke mnene asiyeishiwa na tambuu mdomoni, ndiye peke yake aliyethubutu kumsema.

"Mwanangu, mpeleke mtoto na jani la mgomba kichwani. Mkuu wa watawa kanituma. Anasema mlete leo hii, kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Kumnyoa ni muda wa kutafuna tambuu moja."

"Mwana wa mfalme apitie jikoni? Kama mpishi?"

"Wapishi wanazeeka."

Thaw Zin, miaka kumi na sita, sauti ndiyo kwanza inavunjika, alikuwa amekaa dirishani akisikiliza. "Mama, mimi niende tu. Hata kwa miguu."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema, yule pale mtawa."

Malkia akacheka, akalia kidogo, akainuka. Alifungua sanduku, akalitoa joho alilolishona kwa mkono wake, akalikunja na kulitia kwenye kikapu. Alikwisha mshika mtoto mkono. Alikwisha fika ukumbini. Ni hapo tu aliposikia, nyuma ya pazia la jirani, mtu akivuta pumzi ndefu puani na wengine wakiangua kicheko. Pengine hawakumcheka yeye. Lakini akasimama pale, akaona wazi jinsi hadithi ya mlango wa jikoni itakavyozungushwa kasri zima na kuchekwa mpaka wajukuu wake wawe na wajukuu.

"Kesho," akamwambia mtoto. "Nitazungumza nao tena kesho."

Akalirudisha joho sandukuni.

Siku ya tatu malango ya kasri yakafungwa, na ngoma inayohesabu saa haikulia. Asubuhi hiyo, mvua ikinyesha, U Bo Lin akapanda ngazi za Jumba la Magharibi huku anatabasamu. Nyuma yake walisimama wanaume sita, kila mmoja na mwavuli wa dhahabu.

"Mama Mtukufu, yamekubaliwa. Mfalme ameagiza."

"Mfalme yupi?" Mi Pwa akauliza.

Mzee akageuka polepole. "Mfalme," akasema.

Malkia hakulisikia lile, au hakutaka kulisikia. Alikuwa anahesabu.

"Malkia Mkuu mwenyewe ndiye aliyekuombea," U Bo Lin akaendelea. "Kasema, mama wa mtoto huyu katuvumilia mengi, na sisi ndio tuliomkosea."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Me Htwe Nyein akakipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akingoja mtu aseme maneno hayo.

Mi Pwa akamshika kiwiko. "Mwanangu, malango yamefungwa. Maandamano yanapita wapi?"

"Wewe siku zote unanitakia mabaya."

"Nilikunyonyesha. Nikutakie mabaya gani?"

Malkia akamsukuma. Akamvisha mwanawe koti la nyuzi za dhahabu, akamfunga mshipi, akaufungua, akaufunga tena vizuri zaidi.

"Mama, mbona sisikii ngoma?" Thaw Zin akauliza.

"Zinakungoja nje ya lango, bwana mdogo," akasema U Bo Lin.

Kijana akapiga magoti, akamsujudia mama yake mara tatu, akashuka. Wale wanaume wakamzunguka. Malkia akasimama barazani, akaihesabu miavuli kwa sauti, ili majumba ya jirani yasikie: mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, sita. Akatazama madirisha ya wake wenza. Yote yalikuwa yamefungwa. Na kitu cha kwanza kilichomjia, Mungu amsamehe, mimi siwezi, kilikuwa hasira kwamba hakuna aliyetoka kuona.

Njia ya kwa watawa inakata kulia. Miavuli ikakata kushoto.

Alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu Sagaing, akaanguka kwenye ngazi, akainuka, akafika kwenye uzio. Askari wakamzuia kwa mikuki iliyolazwa, kwa adabu zote, bila kumgusa, maana malkia haguswi.

Alasiri miavuli ilirudishwa, imelowa, ikaegemezwa ukutani.

"Hii ni yako, Mama," akasema U Bo Lin. "Malkia Mkuu amekutunukia."

"Mwanangu alisema nini?"

Mzee akatazama sakafu. "Desturi ilifuatwa, Mama. Hakuna tone lililogusa ardhi."

Wanawake hawakuuawa. Waliwekwa ndani mpaka mvua zikaisha, kisha wakaambiwa wende watakako. Me Htwe Nyein akatoka na Mi Pwa tu, wakaenda kwa miguu mpaka nyumba ya watawa wa kike kando ya mto. Akazunguka nyuma, akapita kati ya vyungu na kuni.

Mtawa mzee aliyekuwa anachambua mchele akashangaa. "Dada, lango kuu li wazi. Mbona unapitia jikoni?"

"Hapa panatosha."

Wakamkalisha kwenye kigogo. Mi Pwa akakunja tambuu, akaitia mdomoni, akaishika shuka nyeupe chini ya kidevu cha Malkia ili nywele zisianguke chini. Wembe ukapita. Nywele zilizomfika magotini zikaisha zote.

Akajigusa kichwa. "Tayari?"

"Tayari," akasema mtawa.

Akamgeukia yaya wake. "Tambuu yako imekwisha?"

Mi Pwa alikuwa analia, taya limesimama.

"Bado ina ladha, mwanangu."