Jina la Kuazima

Kwa mdomo wa Peres, mambo yalikuwa hivi: Philister, mke wa yule mpishi wa Parklands, alikwenda kambini, akasimama mbele ya seng'enge, akamsalimu Mzungu kwa Kiingereza. Mzungu akageuka. Akavua kofia. Akamwuliza shida yake, Philister akaieleza yote kwa Kiingereza hicho hicho, bila karani wa kumsemea, na kabla jua halijatua mumewe alikuwa nyumbani anamega ugali.

"Alivua kofia?" Kasyoka aliuliza.

"Akavua. Nikuambie uongo nipate nini?" Peres alikuwa akikamua shuka ya memsabu wake, ameinyonga kama shingo ya kuku. "Wale vijana wametoka Ulaya juzi, Kiswahili hawajui. Ukiongea lugha yao, wanaona wewe ni mtu."

Kasyoka hakuuliza kama Peres aliyaona hayo kwa macho yake. Mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.

Mumewe, Kaloki, alikuwa seremala. Alizolewa asubuhi ya ule msako mkubwa wa mwaka wa hamsini na nne, askari walipouzingira mji mzima wa Nairobi wakiwatafuta Wakikuyu. Kaloki ni Mkamba. Lakini asubuhi hiyo alikuwa chumbani kwa rafiki yake Mungai, akimtengenezea kitanda kilichovunjika mguu, na kipande chake, ile karatasi ya kumtambulisha, kikapotelea humo humo katika purukushani. Mungai akapandishwa lori, naye akapandishwa lori. Sasa wote wawili walikuwa nyuma ya seng'enge, na habari iliyotembea kwa wake zao ilikuwa hii: asiye na karatasi huulizwa jina lake, la baba yake na la kwao. Akija ndugu au mke akasema vile vile, mtu huachiliwa. Asipokuja mtu, au maneno yasipopatana, hupelekwa mbali na wengine, na huko hakuna anayejua watu hurudi lini.

Ndipo masomo yakaanza, penye karo la kufulia nyuma ya nyumba za Woodley. Peres alikuwa yaya, na Kiingereza chake alikiokota kwa watoto aliowalea. Kasyoka alikuwa dobi wa nyumba ya pili, na vyumba vyao vya uani vilipakana ukuta.

"Please ndiyo mlango," Peres alisema. "Usipobisha, nani atakufungulia? Sema."

"Please."

"Please, sir. Usiangalie chini kama umeiba sukari."

Kijiko kikawa spoon, sabuni ikawa soap, maji yakawa water. Kasyoka alijifunza hata yale yasiyomhusu, maana Peres alisema ulimi hulainika kwa kazi. Jioni, akipiga pasi ya makaa, kila shati lilikuwa na neno lake. Kola: Good morning, sir. Mkono wa kulia: My husband is here. Mkono wa kushoto: His name is Kaloki. Mgongo, pale pasi inapopita bila kukwama: He is from Machakos, sir.

Walipofika kwenye jina la baba, wakakwama.

"His father is nani?" Peres aliuliza.

Kasyoka aliendelea kusugua kola ile ile. Tangu aolewe hajapata kulitamka jina la baba mkwe wake. Kwao mke halitamki, si mbele yake wala nyuma yake. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa akatafuta jingine. Mzee alikuwa hai, tena alimpenda. Angalimtajaje penye maji machafu ya kufulia?

Peres akaelewa. "Hata sisi kwetu hatajwi ovyo. Basi weka jina ya kuazima. Weka Lazarus, yule wa maziwa."

"Lazarus akisikia ana mtoto aliyekwisha kuoa atahama Nairobi."

"Atakimbia na baiskeli na maziwa yote," Peres akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msako wakacheka.

"Lakini kule kambini nitalitaja la kweli," Kasyoka alisema. "Baba atanisamehe."

"Kule ndiyo utaje. Hapa ni mazoezi tu. Sasa mimi ni Mzungu. What is his father's name?"

"His father is Lazarus."

"Lazarus?"

"Yes, sir."

Wakarudia hivyo mpaka Kasyoka akawa anajibu akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa anafua?

Siku aliyokwenda alivaa gauni lake la kanisani. Mzungu alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, karatasi mkononi. Kofia hakuivua. Kasyoka alibisha mlango kwa please yake kama alivyofundishwa, na kweli kijana akainua macho. Alimwuliza jina la mumewe, akajibu. Alimwuliza kwao, akajibu. Maneno yalitoka laini, yamenyooka, mpaka kijana akatabasamu kidogo, akateremsha kidole kwenye karatasi.

"And his father?"

"His father is Lazarus."

Alilisikia likiwa limekwisha kutoka.

Kidole kilisimama. "Lazarus?"

"Yes, sir," mdomo ukasema, kwa kuwa ndilo lililofuata sikuzote.

Tabasamu likaondoka. Kasyoka akatafuta Kiingereza cha kurudisha neno nyuma, hakukipata. Peres alimfundisha kusema, hakumfundisha kufuta. Akaingia kwenye Kiswahili, akaangukia kwenye Kikamba. Kijana akaandika kitu na kumwita aliyefuata.

Askari mmoja akamshika kiwiko. "Mama, twende kando."

"Si Lazarus, ndugu yangu. Nimekosea."

"Ni nani basi?"

Nyuma yake palikuwa na foleni, na kwenye foleni wazee wa makamo ya mkwewe. Akafungua mdomo. Jina likafika kooni, likakaa.

"Unaona," askari akasema, bila ukali. "Bwana yako ametaja baba mwingine. Wewe umetaja huyo, tena kwa Kiingereza safi. Sasa mmoja wenu ni mwongo, na aliye ndani ndiye atakayeulizwa."

Nje ya lango alikaa mama mwenye furushi la nguo za kiume, mtoto mgongoni. Alimsogezea Kasyoka nafasi chini.

"Nilikusikia ukiongea. Umesoma wapi?"

"Jirani alinifundisha. Alisema Philister wa Parklands aliongea hivyo, wakamtolea mume."

Yule mama alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. "Philister ni mimi," akasema. "Kiingereza sijui hata cha maji. Naye bado yuko ndani."

Peres alipoambiwa aliacha kufua. "Nilisikia kwa watu," akasema.

Asubuhi iliyofuata Kasyoka alikuta malori yamepangwa, maturubai yameshushwa, injini zinanguruma. Yule kijana alikuwa akipita kati yake na karatasi zake. Ndani ya turubai huwezi kujua yupi ni yupi. Kasyoka alisogea mpaka seng'enge ikamshika gauni.

"Please, sir," alisema. "His father is Nthiwa."

Jina lilimtoka kama kitu kilichochanika. Mzee mmoja penye lango akageuza uso. Lori la kwanza likaanza kwenda.

"Nthiwa, sir. Nthiwa wa Machakos. Andika tena, bwana. Please."

Kijana alikunja karatasi, akapanda mbele ya lori la mwisho, akavuta mlango.

"Please, sir. Andika tena."