Harufu Jikoni kwa Solveig

Kila majira ya baridi vicheche walijibanza chini ya sakafu ya jiko la Arvid, majike kadhaa na dume mmoja, wakilaliana kwa ajili ya joto. Huku kwetu Minnesota wengi huwafukuza. Arvid aliwaacha, maana kiangazi walimmalizia panya na mabuu ya bustanini.

Februari ile, theluji ikiwa bado inagusa madirisha, dume mgeni alikuja kutafuta mke. Majike hawakumtaka. Kicheche si mwepesi wa kumwaga harufu yake, kwa kuwa ikimwishia hukaa siku nyingi bila silaha. Lakini asubuhi hiyo walimwaga.

Arvid alitoka zizini kukamua, akafungua mlango wa jiko, na macho yakamtiririka machozi. Mkewe, Solveig, alikuwa akikanda mkate huku akiimba polepole.

"Toka nje, mama. Utakufa humo."

"Nitoke, mkate nimwachie nani?"

"Kwani husikii harufu?"

"Harufu ya nini?"

Arvid alicheka, kwa kuwa mkewe alikuwa mtani tangu ujana. Solveig hakucheka. Basi Arvid akamwambia afumbe macho, akampelekea puani kitunguu kilichokatwa.

"Sabuni," alisema Solveig, akibahatisha.

Ndipo Arvid alipokumbuka uji ulioungua, na maziwa yaliyochacha ambayo mkewe aliyanywa bila kukunja uso. Akampeleka kwa daktari wa mjini, naye akawauliza mengine: je, mama hupotea njia? Hurudia maswali? Arvid alimjibia mkewe hapana, hapana, mwishowe akakiri kwamba ndiyo. Wakati mwingine, daktari alisema, pua hutangulia kupotea na akili hufuata.

Ikafuata. Mwezi wa saba, mimi jirani yao nilikuwa na Arvid uani kwao jua likizama. Kicheche alipita na wanawe kwa mstari. Solveig akainama, akanyoosha mkono.

"Paka wangu, njooni."

Kicheche akapiga ardhi kwa miguu ya mbele, akainua mkia. Tulimwita Solveig, hakugeuka. Mnyama akapiga miguu tena, kisha akamzunguka na kwenda zake.

"Amemhurumia," nilisema, nikitaka kumchangamsha Arvid.

"Amemwonya mara mbili," alijibu. "Mke wangu hakuelewa hata moja."

Kesho yake nilimsaidia kupigilia komeo nje ya mlango, ili Solveig asitoke peke yake. Tulipolijaribu, Solveig alikuwa ndani. Akagonga taratibu, kama mgeni.

"Hodi. Samahani, wenyewe mpo?"

Arvid alisimama na nyundo mkononi.