Vidonge Vilivyoishia Dunguni

Kosa lilikuwa la Febronia, na hakulificha. Alimfungashia binti yake Edna vidonge vyake vya kutuliza wasiwasi, vya wiki tatu tu, alipokwenda kukaa dunguni, kichanja cha kulindia mpunga, kuwinga ndege, kule ng'ambo ya Namawala. Mpunga ukachelewa kuiva, vidonge vikaisha, na Edna hakutaka kuliacha shamba. Siku ya nne tangu viishe, mama alipopeleka unga na dagaa, akamkuta anatetemeka, hajalala, anajibizana na watu wasiokuwepo. Akiwa bado anamshika paji, mwili ukakakamaa, macho yakapinduka. Degedege.

Febronia akamlaza ubavu, akamwondolea jembe karibu, akasubiri.

Beatus, shemeji yake aliyemsindikiza, alishatafuta kamba. Alisema hayo ni mambo ya ukoo; wamfunge, wamwahishe kwa mganga.

"Shemeji, hiyo kamba kafunge mbuzi wako. Mwanangu hajalogwa. Ameishiwa dawa."

Beatus akanung'unika kwamba diploma ya kilimo aliyonayo Febronia haijamfanya daktari. Febronia alikwishamwita Mayunga, jirani mwenye pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili. Wakatandika maturubai kwenye tela, wakampakia Edna, na njia nzima mpaka Ifakara mama alimshikilia kichwa kisigonge mbao, huku akipiga simu hospitali kueleza kinachokuja.

Mapokezi hawakuwa na habari ya simu yoyote. Muuguzi akamwelekeza foleni ya kupima malaria, maana bondeni kila anayetetemeka ni malaria kwanza.

"Mpimeni, sikatai," Febronia alisema. "Lakini andika kwanza: alikuwa anatumia dawa hizi, zimekatika ghafla siku nne, na leo ameanguka degedege. Foleni sipangi." Akaweka pakiti tupu na kadi ya kliniki mezani, akasimama mlangoni kwa daktari.

Mtu mmoja benchini akasema mama huyu jeuri.

"Jeuri, ndiyo. Nipishe."

Daktari akatoka kwa zile kelele, akasoma pakiti, akaacha alichokuwa akifanya. Edna akachomwa sindano, akalazwa karibu na meza ya wauguzi. Daktari akaeleza kwamba dawa ile haikatwi siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, naye akiangalia. Febronia akamtaka aandike hayo kwenye kadi.

Jioni mikono ya Edna ilikuwa imetulia. Akafumbua jicho moja.

"Mama, umegombana na watu tena?"

"Nimegombana. Lala."