Vikombe vya Mama Vifungo

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye karakana ya ufinyanzi iliyo nyuma ya duka la matairi, Mwalimu aligawa aproni na kumwambia kila mgeni maneno yale yale: "Hapa hakuna anayejua. Kaa popote." Dereva mstaafu alikuwa na mwaka mzima akifinyanga vyungu ambavyo vifuniko vyake havikuwahi kuingia, na bado alipigiwa makofi. Ndiyo maana Mama Vifungo, aliyeuza vifungo na nyuzi kwenye kibanda cha chini ya ngazi, alipapenda. Mumewe alimruhusu kwa sababu mlango wa karakana ulionekana kutoka kwenye duka lake mwenyewe la jirani.

Vikombe vyake vya kwanza viliingia tanurini vikiwa laini. Vilitoka na alama za mkono: vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, na penye kidole cha pete kishimo kidogo cha mraba. Mwalimu alidhani ni lile kosa la wanaoanza, la kunyanyua kikombe kibichi kwa mkono mmoja, akamwonyesha tena kwa upole namna ya kukibeba kwa viganja viwili. Kisha akaushika mkono wa mwanafunzi wake na kuupima kwenye zile alama. Ulikuwa mdogo mno.

"Si wewe," akasema.

"Si mimi," akajibu Mama Vifungo.

Mwalimu akaenda kuchemsha maji ya chai.

Mama Vifungo alipokunja mikono ya gauni ili anawe udongo, aliona mkono wake wa kushoto hauna kitu. Jana yake ulikuwa umevilia damu juu ya kiwiko, vidole vinne na gumba. Sasa ulikuwa safi. Tangu hapo ikawa ndivyo: alichofanyiwa katikati ya wiki, tanuri lilikichukua na kukiweka kwenye vikombe. Wenzake walizoea. Walisema tena afadhali, vinashikika vizuri, haviponyoki.

Yeye hakuona afadhali yoyote. Kaka yake mkubwa, aliyesimamia ndoa ile kuanzia posa mpaka picha, alikuwa amemwambia, "Usinijie na maneno matupu. Niletee alama niione, nami nitakuja kukuchukua siku hiyo hiyo." Sasa alama zenyewe hazikai mwilini. Jambo hilo lilimkereketa moyoni mpaka Mwalimu alipotangaza siku ya wageni.

Siku ya wageni ilikuwa na utaratibu wake. Hakuna aliyeletewa chai mkononi. Mgeni alipita kwenye rafu akishika kikombe kimoja baada ya kingine, na kile kilichomkaa vizuri mkononi ndicho alichonywea. Mama Vifungo alipanga vyake mbele kabisa, usawa wa kifua. Alimwalika mumewe, akamwalika na kaka yake.

Walikuja pamoja, wakicheka. Mumewe alishika kikombe cha dereva, akakirudisha. Akashika kingine, akakirudisha pia. Mama Vifungo alisimama na birika la chai, akihesabu vikombe vilivyobaki kabla ya kufika kwenye vyake.

"Hiki," akasema mumewe. Vidole vyake viliingia kila kimoja mahali pake, na jiwe la pete yake, aliyozoea kuivaa imegeukia kiganjani, likakaa kwenye kishimo kwa mlio mdogo. Karakana nzima iliusikia. Mumewe akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu. Vyote vilimkaa.

"Kumbe mke wangu ananiwaza mpaka huku," akasema, na alikuwa amefurahi kwelikweli.

Kaka akasogea. Akachukua kikombe kimoja, akajaribu vidole vyake, visiingie. Akakitazama kishimo cha mraba, akaitazama pete, kisha akautazama mkono wa dada yake.

"Uliniambia nikuletee, kaka," akasema Mama Vifungo kwa sauti ya chini. "Nimekuletea."

Aliona uso wa kaka yake unabadilika, akajua ameelewa. Alichongoja ni neno moja tu: twende. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa tayari miguuni.

Kaka akakirudisha kikombe rafuni taratibu, kama anayeogopa kukivunja. "Kazi nzuri, mdogo wangu," akasema. "Shemeji, una bahati." Akaomba chai kwenye kikombe cha mtu mwingine, na dada yake ndiye aliyemmiminia, kwa hasira ambayo hakujua aiweke wapi.

Mwalimu hakupenda ukimya karakanani mwake. Akamgeukia mume. "Karibu na wewe shemeji, tena usisite. Hapa hakuna anayejua. Kaa popote."

Jumamosi iliyofuata mume alikuja, akafunga aproni, akakaa kando ya mkewe. Alikuwa na mkono mwepesi. Vikombe vyake vilitoka tanurini laini, bila hata doa, akapigiwa makofi. Vya mkewe vyenye alama safari hii vilikuwa vingi zaidi, na gudulia lake la kwanza lilikuwa na alama za mikono miwili shingoni. Dereva mstaafu alilishika, akasema linamimina vizuri. Mwalimu aliliangalia kwa muda, kisha akampigia simu fundi seremala aje aongeze rafu, maana vya Mama Vifungo havikuwa tena na pa kukaa.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo.